Siku tano Amani: kutafuta njia ya mzunguko

Siku ya kwanza: Muheza hadi Amani

Basi lilijaa saa sita mchana pale stendi ya Muheza, likaondoka saa nane na nusu. Nilipata kiti cha dirishani, magoti yamebanwa na gunia la unga la mama mmoja aliyekuwa akirudi kwake Shebomeza.

"Mwanangu, huko juu unakwenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu, mama. Nakwenda kutembea msituni."

Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Basi ukichoka uje unywe chai kwangu."

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, Tanga mjini. Kila mwaka nafundisha chanzo cha mto kwa mchoro wa mto usio wetu, na watoto wanaunakili vizuri sana. Watoto hao hao asubuhi wameoga maji ya Mto Zigi, maana maji ya bomba ya Tanga yanatoka kwenye bwawa la Mabayani, na bwawa hilo linajazwa na Zigi, na Zigi unashuka kutoka milima hii ya Usambara Mashariki. Mwaka huu nimeamua kuwaleta. Likizo ya Juni ndiyo nafasi yangu ya kutangulia na kutafuta njia ya mzunguko: tutoke kijijini asubuhi, tupite msituni na mashambani, turudi kabla ya magharibi bila kukanyaga njia moja mara mbili. Kwenye begi nimebeba buti, kanzu ya mvua, chupa sita tupu za maji, kalamu ya wino usiofutika, na kopo la maziwa ya unga lililokatwa chini na juu. Kazi ya kopo itaonekana.

Michungwa ya Muheza ilituacha taratibu, ikaja minazi, kisha mitiki iliyopandwa kwa mistari. Pale Sigi tulishuka abiria wachache kuandikisha majina na kulipia kibali cha kuingia hifadhini. Nyumba ya ofisi ilikuwa ya mkuu wa stesheni enzi za Wajerumani. Reli nyembamba ilikuwa ikija hapa kutoka Tengeni, na mzigo wake mkubwa ulikuwa mbao. Treni ilikoma kitambo, lakini jina la Stesheni bado liko midomoni mwa watu.

Kutoka Sigi gari linapanda kona baada ya kona, kutoka kama mita 450 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na miti inafunga juu ya barabara hadi dereva anawasha taa mchana. Nilipofungua dirisha niliingiwa na harufu ya majani yaliyooza na ubaridi wa pango. Nimezaliwa umbali usiofika kilomita mia kutoka hapa, na nilikuwa sijawahi kuivuta hewa hii.

Nilipofikia ni karibu na bustani ya mimea. Jioni nilishuka hadi bwawa dogo la Mto Dodwe, nikajaza chupa ya kwanza. Nikaandika: Dodwe, Amani, Jumatatu. Maji yalikuwa meupe pe.

Siku ya pili: Mbomole

Mwongozaji wangu alifika saa moja kasoro, kijana wa hapa hapa, Msambaa, mwenye panga kiunoni na radio ndogo aliyoizima mara tu tulipoingia kwenye miti. Tulianza kwa kupita bustanini. Wajerumani waliianzisha taasisi ya Amani mwaka 1902 kujaribu mimea ya biashara kutoka kila pembe ya dunia: mikwinini kwa dawa ya malaria, mikafuri, mianzi minene kama paja, mipira, viungo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Mingi ya miti hiyo bado imesimama.

Mmoja wa wageni hao haukukaa bustanini. Unaitwa Maesopsis eminii, asili yake ni huko bara, kuelekea Ziwa Victoria, ulipandwa hapa kwa ajili ya mbao, nao hukua upesi sana. Hondohondo wanapenda matunda yake, wanayameza na kuziangusha mbegu mbali, ndani ya msitu wenyewe, kila mahali ambapo mti mkubwa umeanguka na mwanga umeingia. Kijana alinionyesha pengo moja lililotokana na mti ulioangushwa na upepo: miche ya Maesopsis imejaa, na ya mtambara niliitafuta kwa macho hadi akaninyooshea kidole. Ilikuwa miwili.

Mtambara mzazi tuliukuta mbele kidogo. Huu hauko popote duniani isipokuwa kwenye misitu ya Afrika Mashariki. Ni jamaa ya kungumanga. Niliegemea shina lake nikatazama juu, nikaona shina tu, limenyooka, hadi mbali sana kule ambako matawi yanaanza. Wataalamu husema misitu ya milima hii imedumu kwa kama miaka milioni 30, kwa sababu Bahari ya Hindi haikuacha kuiletea unyevu hata nyakati ambazo bara lilikauka. Hapa mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Siku hiyo haikunyesha, lakini majani yalikuwa yakidondosha matone tangu tulipoingia. Ukungu wa usiku ulikuwa umenasa juu kule, unashuka tone kwa tone, na bega langu moja lililowa.

Hapo ndipo nilipotoa kopo. Nililididimiza ardhini nusu, nikamimina nusu lita ya maji, nikahesabu. Sikufika kumi. Maji yalizama kama yamevutwa kutoka chini. Kijana alichutama, akaomba tufanye tena. Tukafanya mara tatu, mahali patatu, na mara zote maji yaliisha kabla ya kumi. Ukikwangua majani kwa vidole unakuta chini yake mizizi myembamba kama nywele, imesukana, na chini ya mizizi udongo mweusi unaobonyea kama mkate.

Wakati nimepiga magoti hapo hapo siafu walikuwa wameshanipanda hadi mapajani. Nilikimbia, nikapiga kelele, nikavua buti nikiwa nimesimama mguu mmoja. Maumivu yake si ya mchezo. Nimeandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: kila mwanafunzi avae soksi ndefu, na suruali iingizwe ndani ya soksi.

Njia ya kilima cha Mbomole inapanda kwa uvumilivu, haikati pumzi. Ukifika juu unaona kitu ambacho nadhani hakuna mchoro wa ubaoni utakaokionyesha. Upande mmoja msitu umetuama, umejaa rangi za kijani nisizozijua majina. Upande wa pili ni chai, kijani kimoja tu, imekatwa juu ikawa kama meza. Baina yao hakuna hatua hata kumi. Mbega watatu walikuwa wamekaa kwenye mti wa mwisho kabisa wa msitu, mikia yenye ncha nyeupe imening'inia juu ya chai.

Tulishukia upande wa chai. Wachumaji walikuwa kazini, vikapu mgongoni, na mama mmoja aliniruhusu nisimame karibu nitazame mikono. Majani mawili na kichipukizi, basi. Kidole gumba kinavunja, hakikwangui. Ukikwangua jani linaumia na kuwa jekundu kabla halijafika kiwandani. Mikono yake yote miwili ilifanya kazi kila mmoja kivyake, na macho yake yalikuwa yananitazama mimi. Nilimwomba nijaribu kopo langu kwenye kijia wanachopita kila siku. "Fanya, mwalimu," akasema. Nikamimina, nikahesabu. Nilipofika mia na tisini maji ya mwisho yalikuwa bado juu. Chini ya michai yenyewe, penye majani ya kupogolewa, yalizama upesi zaidi, nikahesabu arobaini.

Tulirudi kwa njia ya Shebomeza, katikati ya migomba, magimbi na mihogo. Nilikunywa ile chai niliyoahidiwa kwenye basi, yenye iliki nyingi, pamoja na magimbi ya kuchemsha. Mzunguko mzima na vituo vyote vya kopo: saa tano na nusu. Huu ndio wa wanafunzi, hata kabla sijaiona mingine.

Siku ya tatu: Monga na upande wa Derema

Leo ilikuwa ndefu, saa nane za kutembea, na sitawaleta watoto. Lakini ndiyo siku niliyojifunza zaidi.

Barabara ya Monga ni ya chai tupu, tuliipita haraka, jua usoni. Baada ya hapo tukaingia mashamba ya watu, na hapo nikapunguza mwendo mwenyewe. Shamba la Usambara Mashariki mtu wa mjini anaweza kulipita akadhani ni msitu. Juu kuna miti mikubwa iliyoachwa kwa makusudi. Chini yake mikarafuu na midalasini. Juu ya mashina ya miti imepanda pilipili manga. Chini kabisa, kwenye kivuli, iliki, majani marefu yanayofika juu ya kichwa changu.

Mzee mwenye shamba alikuwa amekaa kwenye gogo. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia, akasogea ili nikae. Nilimuuliza punje za iliki ziko wapi, maana nilikuwa nikitafuta juu, kwenye majani. Alicheka, akapekua majani makavu kwa fimbo. Iliki huzaa chini. Vishina vyembamba vinatambaa ardhini kutoka kwenye shina, na juu yake maua meupe yenye mistari ya zambarau, na punje za kijani bado laini. Mama yangu anatia iliki kwenye chai na maandazi kila siku ya Mungu, na umri huu wote sikujua kwamba anayeichuma lazima ainame hadi uso wake uguse majani.

"Hii inataka kivuli na inataka unyevu," babu alisema. "Ukikata miti yote inakufa. Ukiacha miti yote haizai. Kwa hiyo mtu anapunguza, anapunguza. Anafyeka chini ili apande. Baada ya miaka udongo unachoka, anasogea mbele. Sisi tulisogea hadi kule."

Alinyoosha fimbo kuelekea Derema. Alikuwa na shamba ndani ya msitu ule, kama wenzake wengi. Miaka ya 2000 mpaka ukapimwa, msitu wa Derema ukatengwa ili misitu ya kaskazini na kusini iendelee kushikana na wanyama wapate pa kupita, na wakulima wakalipwa fidia ya mazao yao. Nilimuuliza kama fidia ilitosha. Alinyamaza kwa muda, akachukua punje moja ya iliki akaipasua kwa kucha.

"Hela ni ya kuhesabu mara moja," akasema. "Shamba lile nilikuwa nahesabu kila mwaka."

Sikuwa na la kumwambia. Nimekuja hapa na shauku yangu ya chanzo cha maji, na maji hayo nayapata mimi Tanga kwa kufungua koki, wakati gharama ya kuuacha msitu usimame imemwangukia yeye aliyekuwa na shamba ndani yake. Sioni kosa katika kuutenga msitu ule. Nimeona ardhi yake inavyokunywa maji na siwezi kutaka ufyekwe. Lakini nadhani sisi wa mjini tunapaswa kumjua huyu babu, na wanafunzi wangu watamjua.

Alinionyesha anachofanya sasa. Hafyeki tena chini kabisa. Anaacha majani yaoze. Hapandi hadi ukingoni mwa kijito. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Kwake mita 60 ni karibu shamba zima, hivyo amepanda miti na kuacha magugu pale kandokando. Nilijaribu kopo chini ya iliki yake: ishirini na tano. Alitaka kujua namba za msituni na za kwenye kijia, nikamwambia. Akazirudia polepole, kama mtu anayekariri bei.

Kabla hatujaondoka mkwewe alikuwa uani akimenya mdalasini. Tawi la unene wa mkono linakwanguliwa ganda la nje hadi libaki jekundu-jekundu, linapigwapigwa na mpini wa kisu ili ganda la ndani liachie, kisha linachanjwa kwa urefu na kuvuliwa. Ganda lilitoka zima, likaanza kujikunja lenyewe mikononi mwake. Harufu yake ilinifuata kwenye nguo hadi usiku.

Kurudi tulikata kwa njia ya msituni. Kijana alinionyesha msambu, mti ambao jina lake la kitaalamu, Allanblackia stuhlmannii, limebeba jina la yule mkuu wa taasisi. Kuna msambu dume na msambu jike, na dume hauzai. Wenye mashamba wanaijua misambu yao kama mtu anavyojua mbuzi zake. Matunda yake ni makubwa, huanguka yenyewe yakiiva, na mbegu zake zina mafuta yanayoganda kama samli; watu huzianika na kuziuza kwa kilo. Juni si msimu wake. Tulikuta ganda kavu moja tu, na pembeni shimo ambalo kijana alisema ni la panya buku. Huyo hubeba mbegu akazifukia, nyingine anazisahau, na zilizosahauliwa ndizo zinazoota.

Siku ya nne: mvua

Imenyesha tangu alfajiri. Hatukutoka. Nimekaa barazani na daftari, nikasikiliza Dodwe ukipanda sauti saa baada ya saa. Saa tisa ilikatika kidogo, nikakimbia hadi bwawani kujaza chupa nyingine. Maji yalikuwa mengi mara mbili, rangi yake ya chai ya rangi iliyochujwa, lakini niliweza kusoma saa yangu kupitia chupa.

Siku ya tano: kushuka Sigi na kupanda tena

Njia ya msituni kutoka Amani kushuka Sigi inateleza baada ya mvua, na magoti yangu yalilalamika kabla ya nusu ya safari. Kadiri tulivyoshuka joto lilirudi, na miti ikabadilika.

Kwenye mwamba wenye kivuli, juu kidogo ya kijito, kijana alisimama bila kusema neno akaniachia nafasi nione mwenyewe. Maua ya zambarau, madogo, yamekaa kwenye ufa wa jiwe, majani mazito yenye manyoya laini, kila unyoya na tone lake la maji. Hili ndilo ua ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao mwaka 1892. Mwaka uliofuata likapewa jina lake, Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu kote Ulaya na Marekani, limekaa madirishani kwa watu wasiojua kwamba kwao ni hapa, kwenye jiwe hili lenye maji. Nilichutama kwa muda mrefu. Ua moja lilikuwa limeanguka, nililiacha lilipoanguka.

Tulifika Sigi saa sita. Nilikwenda moja kwa moja hadi mtoni, nikashikilia jiwe, nikajaza chupa ya tano. Zigi ulikuwa wa rangi ya kakao. Niliinua chupa juani na sikuona kidole changu upande wa pili.

Kijana hakushangaa. Kati ya msitu tuliopita na daraja hili kuna vijito vingi, akasema, na si wote wanaoacha kando kama yule babu. Alinitajia kwa mkono: bonde lile wanalima hadi majini, lile wamefyeka mwaka jana, lile liko salama. Watu waliochimba dhahabu mitoni huko Sakale miaka ya nyuma walilifahamu bonde hili vizuri, akaongeza, na mto nao uliwafahamu.

Tulipanda kurudi kwa barabara ya magari, polepole, tukikaa kila kona ya tatu. Kwenye ukingo uliojaa mimea ya kutambaa, pale ambapo msitu unakutana na shamba, kijana alinishika mkono nisimame. Ndege mdogo, mdomo mwembamba mrefu kuliko unavyotazamia kwa mwili wake, alikuwa akirukaruka ndani ya mizabibu-mwitu. Ni wa hapa na sehemu chache za Msumbiji, akaninong'oneza, na watu huvuka bahari kumtafuta. Katikati ya msitu mzito hakai sana. Anapenda hapa kwenye pengo na ukingo. Alikaa kwa pumzi kama nne hivi, kisha akazama majanini.

Usiku huu nimezipanga chupa tano mezani mbele ya taa ya kandili: Dodwe Jumatatu, kijito cha Mbomole, kijito cha babu, Dodwe baada ya mvua, Zigi pale Sigi. Tope la chupa ya mwisho limeanza kutua. Tayari lina unene wa kidole chini. Ya sita nimeiacha tupu. Nitaijaza nyumbani kesho jioni, kwenye bomba la uani, kabla mama hajachota maji ya chai.